Nati Sita Ambazo Sikuzikaza

Watu wa rika langu huku Iramba wakitaka kunicheka hawana haja ya maneno mengi, wananiuliza tu, "Bwana Zefania, lile goti lilipona?" halafu wanageuka kutazama pembeni, na aliyekaa jirani asiyejua habari lazima atauliza, na lazima ataambiwa, maana mtu anazeeka lakini aibu yake haizeeki. Basi leo nitaisema mimi mwenyewe kwa kinywa changu, yote, pamoja na kile kipande ambacho wengine hukipita kwa kunionea huruma.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ile vita imekwisha na wanaume waliokwenda Burma wamesharudi na makoti yao mazito. Mimi nilikuwa kijana wa miaka thelathini, nimeoa, nina mtoto mmoja na wa pili njiani, na nilikuwa nimeuza ng'ombe wangu pamoja na wale wa urithi wa marehemu baba nikanunua lori. Lilikuwa lori la jeshi lililokwishachoka, rangi imebabuka, mlango wa kushoto haukuwa na kitasa tena, tulikuwa tunaufunga kwa kamba kwa nje, lakini kijiji chetu kizima cha Ulemo lilikuwa ni hilo moja, na mwenye hilo moja ni mimi. Nyinyi wa leo hamwezi kuelewa. Nikipita, mtu aliyekuwa analima alisimama na jembe lake mpaka vumbi litulie, na hata karani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya kule Kiomboi, alinisubiri njiani aniombe lifti, na mimi namwambia "panda, karani," kwa sauti ile ambayo yeye alizoea kutuambia sisi "subiri."

Dereva wangu aliitwa Ramadhani, mtu wa Itigi, mfupi, mkimya, aliyeendesha malori ya jeshi miaka yote ya vita. Huyu Ramadhani alikuwa na ugonjwa mmoja (mimi nilikuwa nauita ugonjwa): hapandi kwenye lori asubuhi kabla hajalizunguka. Hata kama mvua inanyesha, hata kama abiria wamekaa tayari wanapiga makelele, yeye anafungua boneti anatazama maji na oili, anaingia uvunguni kuona kama kuna kinachodondoka, anakanyaga breki mara tatu akisikiliza kama mganga, halafu anachukua nyundo ndogo na kugonga nati za magurudumu moja moja. Aliniambia nati iliyokaza inalia kama kengele na iliyolegea inalia kama chungu chenye ufa. Mimi nilikuwa nasimama pembeni nikitazama jua. Nilimwambia siku moja, "Ramadhani, hili ni lori, si mgonjwa." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mgonjwa atakwambia anapoumwa, bwana. Hili halisemi."

Sasa mdogo wa mke wangu, Eseri, aliposwa Shelui. Mke wangu Rebeka alikuwa mzito sana, hawezi safari, kwa hiyo mama mkwe wangu akanituma mtu, kwamba kwa kuwa nina gari, ni mimi nitakayempeleka bibi harusi. Nyie mnajua jambo hilo lina uzito gani. Mkwe hakupi mtoto wake umpeleke kwa watu mpaka awe amekuamini. Nililala siku tatu naota nikiingia Shelui.

Na kitu kingine, nilikuwa nimepata leseni mwezi ule ule. Ramadhani alinifundisha, nikafanya mtihani mbele ya askari wa barabarani, nikapata. Watu wa ukweni walikuwa hawajaniona hata siku moja nikiendesha. Kwa hiyo, siku mbili kabla ya harusi, zilipokuja habari kwamba dada yake Ramadhani anaumwa sana kule Itigi, mimi, Mungu anisamehe, usoni nilisikitika lakini moyoni nilikuwa nashukuru.

Kabla hajaondoka alibadilisha gurudumu la mbele kushoto, maana tairi lilikuwa limevimba ubavuni. Alipomaliza akanawa mikono pale pale mbele yangu, akasema, "Bwana Zefania, gurudumu nililolifunga leo halijakaa mahali pake. Nati hata ukizikaza vipi, gari likitembea kidogo zinalegea, zinataka kukazwa tena. Mimi nimekwenda nalo kisimani tu na kurudi. Asubuhi ya safari, kabla hujaondoka, shika spana ukaze zote sita. Mkifika juu ya mlima Sekenke simama, ukaze tena kabla ya kuteremka."

Nikasema, "Nimekusikia."

Akasema, "Niambie nimesema nini." (Hayo ni mambo ya jeshi, alikuwa hawezi kuyaacha.)

"Nati sita. Asubuhi, na juu ya Sekenke."

Akaridhika, akachukua mzigo wake akaenda.

Asubuhi ya harusi niliamka na mapambazuko, nikaoga, nikavaa suruali nyeupe. Niliishonesha Singida mjini, nyeupe pee, na kifundo cha mguu kinaonekana kidogo kama ilivyokuwa fasheni ya watu wa ofisini, na shati jeupe, na tai ambayo Rebeka alinifunga yeye mwenyewe huku akinicheka. Nilipofika nyumbani kwa wakwe zangu, watu walikuwa wameshapanda. Nyuma kwenye bodi kuna akina mama wa kwaya, shangazi wa bibi harusi, wazee wawili, na juu yao turubai, maana ulikuwa wakati wa kiangazi na vumbi la barabara ile lingewafikisha Shelui wote wana rangi moja. Mama mkwe wangu alikuwa amewekewa kiti mbele kabisa ya bodi, mgongoni mwa chumba cha dereva, kwenye lile dirisha dogo la wavu. Kwetu mama mkwe hakai ubavuni mwa mkwe wake, kwa hiyo mbele kwangu alikaa Eseri peke yake na gauni lake, shela imejaa chumba kizima, na mlango wake nikaufunga kwa kamba, vizuri, mafundo mawili.

Nikaitoa ile spana chini ya kiti. Nataka mjue kwamba niliitoa, sikusahau. Nilikwenda mpaka mbele kushoto, nikatazama nati, nikatazama chini. Ardhi ilikuwa vumbi jekundu, na kukaza nati za mbele lazima upige magoti. Na wakati huo kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba, na mama mkwe ananitazama kutoka juu, na mimi nikajiona nilivyo, mweupe, nimenyooka, mwenye lori. Nikazishika nati kwa vidole, zikaonekana ngumu. Nikarudisha spana chini ya kiti.

Eseri akaniuliza taratibu, "Shemeji, leo huzigongi?"

Alikuwa anasafiri sana na sisi kwenda shuleni, alikuwa anamjua Ramadhani na nyundo yake.

Nikamwambia, "Nitazigonga mbele, shemeji. Tusichelewe."

Vijana wa pale wakatusukuma, lori likawaka, tukaondoka. Na niseme kweli, mwendo wa mwanzo ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Watu wanapunga mikono, kwaya inaimba nyuma, bibi harusi yuko kimya kando yangu kama inavyompasa. Tulipofika juu ya Sekenke, pale barabara inapoanza kuteremka na unaiona nchi yote ya Shelui iko chini yako, nilipunguza mwendo nisimame. Kweli nilipunguza. Lakini pale palikuwa na vibarua wa barabara, kama kumi, wamekaa na majembe yao wanapumzika, wakasimama wote kutushangilia, na mimi nikawaza, sasa nishuke hapa nipige magoti mbele ya vibarua, wafikiri lori limeharibika? Nikapunga mkono nikapita.

Kona ya kwanza, salama. Kona ya pili usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu, kidogo, kama mtu mwenye baridi. Nikasema ni barabara.

Eseri akasema, "Shemeji, kuna kitu kinagonga huku kwangu."

"Ni barabara, shemeji, ina mawe."

Akainamia mlango akisikiliza. Halafu akasema, "Kinagonga kwa mpangilio."

Nilikuwa nimesikia na mimi, na nilikuwa nimeshajua, ila kulikuwa na kitu ndani yangu kinachosema kwamba nikisimama sasa hapa katikati ya mlima nitakuwa nimekiri mbele ya mkwe wangu kwamba sikukagua, lakini nikifika chini nitasimama kama mtu anayepumzisha injini tu, nitakaza, hakuna atakayejua. Chini palikuwa kona mbili mbele.

Hatukufika. Niliona gurudumu linatupita upande wa kushoto. Linakwenda peke yake, limesimama wima, halina papara, linatuacha. Na ninyi mtacheka, lakini wazo la kwanza lililonijia ni kwamba kuna gari la watu mbele yetu limepata matatizo. Ndipo pua ya lori ikaanguka.

Sauti ile siwezi kuieleza. Chuma kwenye mawe. Lori liliinama kushoto, usukani ukaniponyoka mikononi, nikakanyaga breki, na breki ikazama mpaka chini bila kukuta kitu, bomba lake lilikuwa limekatika. Na lori linakwenda. Linaburuta pua yake chini na bado linakwenda, kwa sababu pale ni mteremko na nyuma kuna uzito wa watu, na linavutwa kushoto, na kushoto ni korongo.

Sasa hapa ndipo wengine huwa wananionea huruma. Mimi sikufikiri. Sikusema, "acha nijiokoe." Ninachokumbuka ni mkono wangu kwenye kitasa cha mlango wa kulia, ule mzima, na baada ya hapo niko chini barabarani, naviringika, goti langu limegonga jiwe na mdomo umejaa mchanga. Nikainua kichwa. Nikaliona lori langu linaondoka, na ndani yake yupo shemeji yangu na shela yake, na mlango wake nimeufunga kwa kamba kwa mikono yangu mwenyewe, mafundo mawili.

Nilikaa pale pale.

Halafu nikasikia mlio mwingine, mkavu, wa meno ya chuma yanayopita moja baada ya jingine, na magurudumu ya nyuma yakashika, yakakokota changarawe, lori likatingishika, likageuka ubavu, likasimama. Pua yake ilikuwa imechungulia korongo. Ukikaa ukingoni pale na kunyoosha mguu, unagusa hewa.

Nikakimbia kwa goti moja. Nilipofika, akina mama walikuwa wanatoka chini ya turubai, wanaita majina ya wenzao, wanahesabiana. Shangazi mmoja alikuwa amepasuka mdomo na mzee mmoja ameteguka bega, basi, wengine wazima. Na kabla sijasema neno, bibi mmoja wa kwaya akanishika mikono yote miwili, analia, akasema, "Mungu aibariki mikono hii, mwanangu. Mikono hii ndiyo imetuokoa."

Walikuwa chini ya turubai, hawakuona kitu. Walijua lori limeanguka pua na dereva amelisimamisha. Na mimi nikafungua kinywa niseme, nikakifunga. Hilo ndilo kosa langu la pili, na nikiyapima yote mawili, la kwanza linanitia hofu, lakini hili la pili ndilo linanitia kichefuchefu.

Nikaenda kufungua mlango wa Eseri. Alikuwa ameishika breki ya mkono kwa mikono yote miwili, amejikunja juu yake, shela imeteleza begani. Nilibandua vidole vyake kimoja kimoja.

Akasema, "Nilivuta hiki cha katikati. Bwana Ramadhani aliniambia hiki ni cha siku ya shida." Halafu akaniuliza, "Kuna mtu ameumia?"

Nikamwambia hakuna, kidogo tu. Akaitikia kwa kichwa. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Baada ya muda likaja lori la mfanyabiashara mmoja linapeleka ngozi za ng'ombe Nzega, dereva wake akatuonea huruma akatupakia wote juu ya ngozi. Kwa hiyo mimi niliyeota nikiingia Shelui kwa fahari, niliingia Shelui nimekaa juu ya ngozi mbichi, suruali nyeupe imechanika goti, na bibi harusi amekaa kwenye kanga iliyotandikwa, na inzi wanatufuata. Mama mkwe hakusema neno njia nzima. Nilidhani ni mshtuko.

Habari zilitutangulia, sijui kwa miguu gani. Watu wa bwana harusi walikuwa wamesimama barabarani, na mimi nilipokuwa nateremka, mzee Petro, baba yake bwana harusi, mtu mkubwa pale Shelui, alinipokea yeye mwenyewe kwa mikono miwili. "Wewe ndiye uliyeleta mtoto wetu kwa magurudumu matatu," akasema, na watu wakacheka kwa furaha, na akina mama wakapiga vigelegele. Nikainamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu.

Ibada ikafanyika, wakafungishwa ndoa, tukaingia kwenye banda la karamu. Nikawekwa kiti cha mbele, kando ya wazee, mimi mtu wa miaka thelathini. Nikaletewa nyama ya kidari. Kila aliyepita alinipa mkono. Na kila mkono niliokuwa naushika, habari ilikuwa inakua: mara nililizuia lori kwa nguvu za kifua, mara nilikuwa naomba kwa sauti. Wala sikuongeza mimi hata neno. Nilikuwa nanyamaza tu, na kumbe ukimya unatosha kabisa kudanganyia.

Mzee Petro akasimama, akanyamazisha watu, akasema sasa mkwe wetu huyu atueleze kwa kinywa chake ilikuwaje, ili watoto wetu wasikie.

Nilisimama. Nikaanza. Nikaeleza mlima, nikaeleza gurudumu lilivyotupita, watu wakashika vichwa. Nikasema breki ilizama. Nikasema, "Nikaona sasa sina budi kuushika usukani kwa nguvu zangu zote..."

Hapo nikaona watu walioko mlangoni wanapishana. Akaingia mzee mmoja, mfugaji, amejifunga shuka, na nyuma yake nje nilimwona punda, na juu ya punda, limefungwa kwa kamba za katani, gurudumu langu.

Akasalimia vizuri, akaitikiwa. Akasema, "Nimeambiwa waliopata ajali mlimani wako hapa. Gurudumu lenu lilifika kwenye ng'ombe wangu, limemvunja ndama mguu, lakini si neno, nimelileta. Mimi nilikuwa upande wa pili wa korongo, niliona yote." Akatazama huku na huku kwa wasiwasi, mzee wa watu, hana baya lolote moyoni. "Nimekuja hasa kuuliza hali ya yule dereva aliyeruka. Alianguka vibaya. Amevunjika?"

Hata waliokuwa wanatafuna waliacha. Mzee Petro akanitazama, akamtazama yule mfugaji, akanitazama tena, na mimi bado nimesimama, na mikono yangu nilikuwa nimeiinua mbele jinsi ya mtu aliyeshika usukani. Sikujua niishushe vipi.

Ndipo Eseri akasema, kutoka pale alipokaa na mume wake wa saa mbili. Bibi harusi kuzungumza kwenye karamu yake halikuwa jambo la kawaida. Alisema kwa sauti ndogo, lakini wote tulisikia: "Shemeji aliruka akatafute jiwe la kuzuia gurudumu. Mimi nikashika breki."

Akanipa njia. Msichana ambaye nilimwacha ndani ya lori, mlango umefungwa kwa kamba, alinipa njia ya kutokea mbele ya watu wote. Nikaona nyuso zinaanza kulegea, mzee Petro anaanza kutikisa kichwa kwamba ndiyo, hilo linaingia akilini. Ningekaa tu, yangekwisha.

Nikamtazama mama mkwe wangu. Alikuwa ananitazama vile vile alivyonitazama asubuhi.

Nikasema, "Hapana. Sikuruka kutafuta jiwe. Niliogopa nikaruka. Aliyesimamisha lori ni Eseri peke yake. Na gurudumu halikutoka kwa bahati mbaya, niliagizwa nikaze nati, asubuhi na tena juu ya mlima, sikukaza. Sikutaka kuchafua suruali."

Nilisema hivyo hivyo. Nikaketi, si kwenye kile kiti, niliketi chini.

Hakuna aliyenipigia kelele. Yule bibi wa kwaya aliyekuwa ameibariki mikono yangu aligeuza uso tu. Mama mkwe wangu ndiye aliyezungumza, taratibu, kama anayeendelea na mazungumzo ya zamani.

"Nilikuwa dirishani," akasema. "Nilikuona ukifungua mlango. Nilikuwa nasubiri nione utafika na hadithi hiyo wapi."

Kisha akawaambia watu waendelee kula. Wakaendelea, polepole. Baadaye kidogo akina mama walianza kumwimbia Eseri wimbo wa kumsifu, na ule wimbo haukuwa na jina langu hata mahali pamoja.

Kesho yake nilirudi Ulemo kwa miguu, nikapanda Sekenke nzima na goti limevimba, nikalipita lori langu pale ukingoni bila kusimama. Rebeka alikuwa ameshaambiwa. Alinipa maji ya kuoga, akanipa chakula, akakaa kwenye kigoda mbele yangu na tumbo lake, akanisubiri nimalize kula. Halafu akaniuliza, bila hasira, "Ningekuwa ni mimi pale mbele?"

Nilitaka kumwambia kwamba wewe nisingekuacha. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini nilikumbuka ule mkono wangu ulivyokwenda kwenye kitasa bila kuniuliza mimi mwenyewe, nikamwambia, "Sijui, Rebeka."

Akaondoa vyombo. Tumeishi wote baada ya hapo miaka arobaini na kitu, tumezaa, tumezika, na sikumbuki siku nyingine niliyomwona analia kama alivyolia usiku ule, wala siku nyingine aliyonipikia uji mapema kama asubuhi yake.

Ramadhani alirudi baada ya siku nne. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alikwenda mlimani, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye bolti zilizoliwa, akaniuliza tu, "Ulikwenda nazo umbali gani?" Nikamwambia mpaka hapa. Akasema, "Basi zilikuvumilia." Lori lilipotengenezwa alinikataza usukani, mimi mwenye lori, miezi mitatu, na kila asubuhi ya miezi hiyo ni mimi niliyeingia uvunguni na yeye amesimama pembeni akitazama jua. Ndama wa yule mzee nilimlipa kwa ndama, na nilimpelekea kwa mkono wangu.

Tangu wakati huo, nyie mliowahi kupanda gari langu mnanijua, sijawahi kuondoka kabla sijakagua, hata kama ni kwenda kwa jirani, hata kama aliyepanda ni mkubwa wa serikali anayetazama saa yake, na yeyote asiyetaka kusubiri ninamwambia njia ya miguu iko wazi. Kumiliki gari nimegundua si kuliendesha mbele za watu, ni kulipigia magoti wakati hakuna anayekutazama, na mimi nililijua hilo kwa gharama ya heshima yangu yote.

Eseri sasa ni bibi mwenye wajukuu. Tukikutana kanisani au msibani ananisalimu kwa heshima zote, ananiuliza habari za nyumbani, ananisogezea kiti. Hajawahi kunitajia siku ile hata kwa utani, na mashemeji, mnajua, huwa wanataniana kwa kila kitu. Wanaonicheka nimewazoea. Yeye asiyenicheka ndiye mpaka leo sijui nimtazame vipi.